Gramu Themanini

Nyuma ya jengo letu, huku Gyumri,
ambako baridi huuma chuma kabla ya kumuuma mtu,
pana pao moja kati ya nguzo mbili.
Zamani lilikung'utiwa mazulia.
Sasa najikung'uta mimi:
mgongo, mabega, usiku mzima wa kusimama mbele ya tanuri.

Naoka mikate. Saa kumi na mbili alfajiri nimemaliza,
nywele nyeupe kwa unga.
Navua aproni, nafunga kiunoni
mkanda wa usalama wa Lada iliyokufa,
mnyororo, na gia ya trekta inayoning'inia kati ya mapaja.
Kilo ishirini. Ilipimwa kwa Vardges, mchomelea vyuma,
ambaye hasemi uongo kwa kuwa hasemi kitu.

Kujivuta mtupu ni salamu.
Kujivuta na mzigo ni mazungumzo:
chuma kinauliza, kwapa linajibu,
kiwiko kinaomba swali lirudiwe.

Mwanzoni nilikuwa na pupa.
Kutoka ishirini nikarukia thelathini,
kano ikanitia adabu wiki tatu.
Nilikanda unga kwa mkono wa kushoto,
mikate ikatoka imepinda,
na mtaa mzima ukaila bila kusema neno.

Ndipo dirisha la ghorofa ya pili likafunguka.
Bibi Arusyak, muuza jibini mstaafu,
aliyekuwa akinihesabia bila kuombwa,
"Hiyo si moja! Kidevu hakijafika!",
akateremsha kikapu kwa kamba.
Ndani, mawe yake ya mizani:
robo, nusu, kilo, kilo mbili,
meusi kwa mikono ya miaka.
"Ongeza kama mtu anayenunua jibini," alisema.
"Kidogo. Na umtazame muuzaji machoni."

Basi nikaongeza.
Nusu kilo, Jumatatu.
Robo, wiki ikiwa mbaya.
Sifuri, wiki mama alipolazwa.
Theluji ikaja, pao likanata viganjani,
sugu zikapasuka, zikafunga, zikapasuka tena.
Koti langu la harusi likagoma mabegani;
mke wangu Nazeli akalitazama, akanitazama,
akaenda kutafuta uzi.

Machi, theluji bado imelala uani: arobaini.
Mara tano.
Ya tano niliipanda kama ngazi isiyo na vidato,
macho yamefumbwa, meno yamebana jina la mtu fulani.
Kidevu kikapita.
Bibi akapiga sufuria kwa mwiko.
Vardges akasema, "Eh."

Usiku ule, kwa mazoea tu ya mwokaji,
niliyapanga mawe juu ya mizani ya bekari.
Lile la kilo lilisoma mia tisa na ishirini.
Nikaligeuza. Tumbo lake lilikuwa limekwanguliwa kwa tupa,
taratibu, kwa ustadi, kama kazi ya sonara.

"Ile miaka ya giza," alisema asubuhi,
bila kushusha macho,
"hapakuwa na umeme, hapakuwa na kuni.
Nilikuwa na watoto watatu.
Gramu themanini kila kilo.
Wewe umejenga mgongo kwa kuongeza.
Mimi nilijenga mifupa yao kwa kupunguza."

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kukasirika.
Mgongo wangu haukutaka lolote;
misuli haisomi namba, inasoma uchovu.
Lakini mimi ni mwokaji.
Najua gramu themanini ni nini:
ni kipande cha mkate cha mtoto anayekwenda shule.
Najua pia kwamba kipande hicho kilitoka kwenye sahani ya mtoto mwingine,
labda mimi.

Kikapu kikashuka tena.
Funguo mbili, zenye kutu, kwenye pete ya waya.
"Za kibanda changu sokoni. Kilishavunjwa."
Nikazipima. Themanini na tatu.
"Hizo tatu," alisema, "ni riba."

Nikazifunga kwenye mnyororo.
Zililia kidogo miguu ilipoacha ardhi,
zikanyamaza katikati ya njia,
pale ambapo kila kitu hunyamaza.
Kidevu kikapita.

"Moja," alisema dirishani.
Kisha, baada ya kuwaza:
"Na ushei."